Wastani wa Novemba

6 Oktoba, Jumapili. Kamachumu

Kosa wanalolifanya watu wengi, na wenye shahada wamo, ni kudhani kwamba dawa ikishapimwa uzito imeshapimwa. Leo nimelisikia kwa mchungaji wetu, nje ya kanisa, mvua ikianza kudondoka.

"Mzee Mushumbusi, miligramu si ni miligramu? Kwa nini wakuite tena kazini umri huu?"

Nikamweleza. Nilikuwa ofisa wa vipimo miaka thelathini na mmoja. Nimehakiki mizani ya kahawa kuanzia Kanazi hadi mwisho wa wilaya ya Muleba, na mizani ya maduka ya Bukoba mjini. Kahawa ukiipima uzito na unyevu, umemaliza. Dawa hizi mpya, wanazoziita dawa za nano, haziko hivyo. Dawa imefungwa ndani ya vifuko vya mafuta vidogo mno. Gawa milimita moja sehemu elfu kumi. Sehemu moja ndiyo upana wa kifuko kimoja. Kikiwa kizima, dawa inapita karibu na moyo bila kuudhuru sana, inakwenda kufunguka kwenye uvimbe. Kikipasuka, au vikishikamana viwili vitatu, uzito ni ule ule, rangi ni ile ile nyekundu, na maandishi ya kwenye chupa hayabadiliki. Lakini mgonjwa amepewa kitu kingine. Kwa hiyo lazima upime ukubwa wa vifuko, na hapo ndipo shida ilipo, kwa sababu kila maabara ina mashine yake na kila mashine ina jibu lake. Maabara sita zimekubaliana kupima sampuli moja na kulinganisha majibu, ili ipatikane kanuni moja. Ya Bukoba ni mojawapo. Walitaka mtu anayejua kanuni za vipimo zinavyoandikwa.

Mchungaji alisikiliza, akasema Mungu ni mkubwa, akatazama saa.

Sikumwambia sababu ya pili. Mdogo wangu Jovita, mwalimu mstaafu wa Kanazi, anatibiwa saratani ya ovari kwa dawa hiyo hiyo. Moyo wake ni dhaifu tangu zamani. Dawa ya kawaida, isiyofungwa, madaktari walikataa kumpa. Walisema haitauacha moyo wake salama. Amebakiwa na hii tu.

8 Oktoba

Siku ya kwanza. Maabara ni vyumba viwili nyuma ya kliniki anakotibiwa Jovita. Mashine ni mbili. Ya kwanza inamulika mwanga ndani ya dawa na kukisia ukubwa wa vifuko kwa jinsi mwanga unavyotawanyika. Ya pili inavifuatilia kimoja kimoja na kuvihesabu.

Mkuu wa maabara ni Payal, binti wa marehemu Suryakant aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini. Hakuniuliza habari za nyumbani. "Karibu mzee. Sampuli iko mezani, tunaanza saa tatu na dakika kumi." Basi. Mwesiga, mfamasia anayesimamia stoo ya dawa, ni mtoto aliyelelewa. Alinipokea mkoba, akaniuliza kuhusu kibanja changu cha migomba na mvua, akanipa kiti na mwani, kahawa yetu ya kutafuna. Nimeshajua nitafanya kazi vizuri na nani.

Suryakant namkumbuka. Wenye maduka wengine niliwafuata. Yeye alikuwa akiileta mizani yake mwenyewe kabla ya siku ya ukaguzi, kisha ananilaumu kwamba ofisi imechelewa kufungua. Nilimwona mtu wa kuchosha.

9 Oktoba

Mvua. Umeme hakuna. Tumekaa.

11 Oktoba

Tumepima sampuli rejea, yaani ile ambayo ukubwa wake unajulikana na ndiyo jiwe letu la mizani: nanomita mia moja. Mashine ya mwanga ilisema mia moja na moja. Ya kuhesabu ilisema tisini na tisa. Payal akaandika zote mbili. Nikamwambia aandike mia.

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa sababu ndiyo mia."

"Hakuna mashine iliyosema mia."

"Mwanangu, hiyo ndiyo kazi ya mtu. Mashine inasema, mtu anaamua."

Nikamweleza tulivyofanya kwenye vituo vya kununulia kahawa. Mizani ya chama cha ushirika huku, mizani ya wakulima huku, na zinatofautiana kilo moja au mbili. Ukisema ya chama ndiyo sahihi, wakulima wanabeba magunia yao. Ukisema ya wakulima, karani anakasirika. Tulikuwa tunakata katikati. Tunaandika wastani, watu wanapeana mikono, gari linaondoka. Nimewafundisha makarani wengi desturi hiyo na wananishukuru hadi leo.

"Na mizani mbovu ilikuwa ipi?" Payal akauliza.

"Hatukuwa na haja ya kujua."

Mwesiga akacheka. "Dada Payal, mzee kapatanisha wakulima na vyama vya msingi miaka thelathini. Mashine zako mbili zitamshinda?"

Yeye hakucheka. Ni baba yake mtupu.

15 Oktoba

Mvua kutwa. Barua ya waratibu imefika: maabara sita zimetoa majibu sita. Wanaomba mapendekezo ya kanuni.

24 Oktoba

Jovita amepata dozi ya tatu. Chupa za shehena hii tulizipima juzi: themanini na nane, na tisini. Kikomo chetu cha juu ni mia moja na ishirini. Safi.

Nilikaa naye wakati dawa inashuka kwenye mrija. Nikamweleza habari za vifuko. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi wake wa darasa la nne.

"Kwa hiyo kaka, wewe ndiye unayeangalia kama vifuko vyangu havijatoboka?"

"Mimi na wenzangu."

"Nimekwisha. Huyu mtu hata kikapu cha mama alikitoboa akipima viazi."

Muuguzi Lilian alicheka mpaka akashika ukuta. Akacheka pia mama mmoja wa Kagondo aliyekuwa kitanda cha pili. Wanawake watano wanapata dawa hii. Wamekuwa kama ukoo.

Kabla sijaondoka Jovita alisema kwa sauti nyingine, "Kaka, nataka nifike Juni. Kemilembe anaolewa Juni." Kemilembe ni mjukuu wake. Nikamwambia atafika.

2 Novemba

Hakuna la kuandika.

9 Novemba

Radi imepiga transfoma. Umeme umekatika siku mbili mfululizo, lakini kliniki ina laini ya jenereta inayolisha friji la dawa. Mwesiga anastahili sifa. Ndiye aliyepigania laini hiyo.

13 Novemba

Senene, panzi wetu wa kuliwa, wameanguka. Mji mzima umejaa mabati na taa za kuwanasia, na asubuhi hii hakuna aliyekuja kazini mikono mitupu. Payal peke yake alikuwa akipima. Nikamwambia siku kama ya leo mtu hafanyi kazi Bukoba. Akasema mashine hazijui senene.

15 Novemba

Lilian amenipa mfuko wa senene waliogandishwa vizuri, wagumu kama kokoto. Nimewapeleka Kanazi. Jovita aliwakaanga mwenyewe, kwa chumvi tu.

"Zamani mlituambia mwanamke haruhusiwi kuwala," alisema akitafuna. "Sisi tuwaokote, tuwanyonyoe mabawa, nyinyi mle. Mlikuwa mnaogopa nini?"

"Mngewamaliza."

"Ndiyo maana uzee wangu ni mtamu. Hakuna wa kunikataza."

Alikula bakuli zima. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona akila hivyo.

18 Novemba, Jumatatu

Tumepima chupa za dozi ya Alhamisi. Mashine ya kuhesabu: themanini na tisa. Mashine ya mwanga: mia moja thelathini na moja.

Payal alirudia mara tatu. Akahakiki kwa sampuli rejea. Mashine zote mbili zikasema kweli. Akarudia chupa nyingine. Hivyo hivyo.

19 Novemba

Nitaandika kikao hiki chote.

Tulikuwa watatu: Payal, Mwesiga na mimi. Utaratibu unasema sahihi mbili zinatosha kuruhusu shehena.

Payal alisema shehena izuiwe. "Mashine ya mwanga inaona vitu vikubwa haraka kuliko vidogo. Vikubwa vichache vinatosha kuipandisha. Ile ya kuhesabu inaona kwamba vingi bado ni vya kawaida. Hazigombani, mzee. Kila moja inatueleza nusu ya habari. Humu kuna vifuko vilivyoshikamana."

"Vimeshikamana kwa sababu gani?" Mwesiga akauliza.

"Joto, au kuganda. Sijui. Wewe ndiye mwenye stoo."

Mwesiga alifungua karatasi ya joto la friji. Nyuzi tano. Tano. Tano. Kila siku tano, asubuhi na jioni, kwa mwandiko mmoja mzuri. "Dada, unaniambia friji langu lina kasoro?"

"Nakuambia namba zina kasoro. Karatasi ya joto isiyopanda wala kushuka hata nusu ya nyuzi kwa mwezi mzima, nayo naitilia shaka."

Mwesiga aliikunja karatasi yake taratibu. Ni kijana mpole. Niliona amevunjiwa heshima mbele yangu. Niliuliza shehena nyingine itachukua muda gani. Wiki tatu, labda nne.

Hapo nikamfikiria Jovita. Lazima niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Daktari alisema dozi zisirukwe, uvimbe umeanza kurudi nyuma. Wiki nne nyingine ni mwezi mzima wa uvimbe kukua. Nikachukua kalamu, nikajumlisha themanini na tisa na mia moja thelathini na moja, nikagawa kwa mbili. Mia moja na kumi. Ndani ya kikomo.

"Tukate katikati," nilisema. "Wastani unapita. Wanawake wapate dawa."

"Mzee, hakuna kifuko humu chenye mia moja na kumi," Payal alisema. "Kuna vizima na kuna vilivyoharibika. Wastani wa hivyo ni kitu ambacho hakipo."

"Binti yangu, wewe umesoma mashine. Mimi nimesoma watu. Tukizuia kila namba ikiyumba, hakuna mgonjwa atakayetibiwa Kagera."

"Jovita ni dada yako."

"Ndiyo sababu ninajali."

"Ndiyo sababu ungepaswa kutoka nje ya chumba hiki."

Nilimwambia baba yake angeona aibu kumsikia akimjibu mzee namna hiyo. Akaandika kwenye fomu kwamba anapinga, akaweka namba zote mbili chini ya jina lake, akatoka. Mwesiga akasaini. Nikasaini. Baadaye tulikunywa chai pamoja, yeye na mimi, na akaniambia, "Waitu, mzee wangu, bila wewe huyu dada angetufungia kliniki."

Nilirudi Kamachumu nimeridhika.

21 Novemba

Dozi ya nne. Jovita alikuwa na utani kama kawaida. Mvua ndogo.

22 Novemba

Simu kutoka Kanazi. Anatapika.

24 Novemba

Bado. Miguu imevimba. Mapigo ya moyo yanakimbia, yanasimama, yanakimbia. Wamemrudisha hospitali. Mama wa Kagondo naye amelazwa, anatapika. Wale watatu wengine, mmoja anatapika, wawili hawana neno.

Daktari kijana aliniuliza, "Mzee, mna uhakika mlimpa ile iliyofungwa? Hii inafanana na dawa ya wazi."

Nilimwambia ilipimwa.

26 Novemba

Payal hakuniambia kitu. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye friji na kipimajoto chake, akakiacha humo siku nzima. Leo alinikuta kwenye benchi la wodi, akakaa kando yangu, akanipa karatasi. Nyuzi nne chini ya sifuri.

"Kuna nini humo?" nikamuuliza.

"Twende ukaone."

Lilian alitufungulia, na alipofungua alianza kulia kabla hatujauliza. Rafu ya juu ilikuwa na dawa za chanjo chache na sanduku tupu la dawa yetu. Chini, mifuko ya senene, kumi na zaidi, kila mmoja na jina: la daktari, la mlinzi, la dereva, la mhasibu. Umeme wa nyumbani unakatika. Friji la dawa halikatiki. Mfuko mmoja ulikuwa na jina langu. Walikuwa wameniwekea wa pili.

"Walikuwa wanaanza kunuka," Lilian alisema. "Tukazungusha kitufe kidogo tu, wagande, halafu turudishe. Kila mtu alidhani mwenzake amerudisha. Chupa zilizoganda tuliziacha mezani ziyeyuke."

"Na karatasi ya joto?"

"Naandika tano, mzee. Siku zote ni tano."

Naomba msomaji asimcheke wala asimhukumu haraka. Hakuna mtu wa Bukoba anayeacha senene waoze. Mtu wa mahali pengine asingekuwa na cha kugandisha. Na mimi niliwapokea, wagumu kama kokoto, na wala sikujiuliza ni friji gani mjini hapa lililokuwa na umeme wiki hiyo.

Maji yakiganda hutanuka na kuvisukuma vifuko. Vingine hupasuka, vingine hushikamana. Yakiyeyuka, chupa inarudi kuwa nyekundu na nzuri. Hakuna jicho linaloona. Mashine moja iliona.

Nilimtazama Payal nikitegemea anilaumu. Alichukua kitambaa, akaanza kufuta rafu.

28 Novemba

Jovita ana maji kwenye mapafu. Anaongea maneno mawili mawili. Nilimwambia yote: namba, kikao, sahihi yangu. Sikutaka ayasikie kwa mwingine.

"Uligawa kwa mbili," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi... nilifundisha wastani. Darasa la sita." Akapumzika. "Wanafunzi wangu walijua... wastani hautumiki popote tu."

Kisha akaniomba nimnyanyue mto.

30 Novemba

Jovita amefariki saa nne asubuhi.

2 Desemba

Tumemzika Kanazi, ndani ya kibanja, kando ya mama. Mvua haikukatika hata kidogo. Payal alikuja na viatu vya mpira, akasimama nyuma na wanawake wa jumuiya. Mwesiga aliongoza wimbo.

6 Desemba

Mwesiga amenionyesha rasimu ya taarifa yake. "Mgonjwa alikuwa na historia ya moyo dhaifu. Kipimo cha shehena kilikuwa ndani ya kikomo." Kila neno ni kweli. Nikamuuliza friji liko wapi kwenye taarifa.

"Mzee, Lilian ana watoto. Mimi nina kazi. Wewe una jina. Huoni kwamba hata wewe nakulinda?"

Aliuliza kwa upole ule ule alionipokelea mkoba. Niliupenda upole huo miezi miwili nikadhani ni maadili. Sasa naona ni namna ya kutoandika namba. Na sina haki ya kumchukia, kwa kuwa mimi ndiye niliyeufanya uwe kanuni, kituo kwa kituo, kabla hajazaliwa.

Wala siwezi kusema kwa hakika kwamba dawa ndiyo iliyomuua Jovita. Moyo wake ulikuwa dhaifu kweli. Kiasi gani ni friji na kiasi gani ni moyo, hakuna mizani ya kupima hilo, na kila atakayetaka kulala usingizi atajificha hapo. Mimi sitajificha. Mama wa Kagondo yuko hai, nywele zimemtoka zote, kama aliyepewa dawa isiyofungwa.

10 Desemba

Barua ya waratibu. Wanatupongeza. Mwesiga aliwatumia pendekezo letu la Novemba bila kuniuliza: pale mashine mbili zinapotofautiana, uandikwe wastani. Wamelijaribu kwa maabara zote sita na majibu, wanasema, sasa yanakaribiana kwa namna ya kuridhisha. Lazima yakaribiane. Ukikata kila kitu katikati, kila kitu kitakaa katikati. Wanataka kuliingiza kwenye rasimu ya kanuni, na kwa heshima wamelipa jina. Wanaliita Utaratibu wa Mushumbusi.

Miaka thelathini na mmoja sikuwahi kupata hata cheti.

11 Desemba

Nilikwenda kwa Payal nikamwomba fomu ya tarehe kumi na tisa, ile yenye pingamizi lake. Alikuwa ameitunza. Nikamwomba radhi kwa maneno niliyosema juu ya baba yake.

"Baba alikuogopa sana, mzee," alisema. "Alisema wewe ni mtu mzuri, na mizani haihitaji mtu mzuri. Ndiyo maana alikuwa anaihakiki yake mwenyewe kila asubuhi bila kukungoja."

Akaniletea chai.

Tumekaa mpaka jioni tukiandika. Yeye aliandika ya mashine, mimi niliandika ya sahihi: themanini na tisa, mia moja thelathini na moja, nyuzi nne chini ya sifuri, karatasi ya tano tano, senene, majina ya waliosaini, na undugu wangu na mgonjwa. Jina la Lilian nililiandika, na chini yake nikaandika kwamba mfuko mmoja ulikuwa wangu. Mwishoni nikawaomba waratibu waufute utaratibu huo pamoja na jina langu.

12 Desemba

Barua imeondoka. Mwesiga hajajibu salamu yangu. Nimeambiwa mkataba wangu hautaongezwa, na kwamba waratibu watahitaji muda kutafakari, kwa kuwa maabara nne kati ya sita zimeshaanza kuutumia wastani na zinaona unarahisisha kazi.

Nitakuwa nimeshaondoka watakapoamua, basi nakuandikia wewe utakayekaa kwenye kiti hiki. Kama una namba mbili mezani leo na hazilingani, ziandike zote mbili leo hii, kabla hujazungumza na mtu yeyote.